Mtoto mpole anapeleka wapi hasira zake?

Alasiri moja tulikuwa barazani kwa mama, Tanga, wanawake watupu, tunachambua mchicha na kuzungumza, watoto wakicheza chini ya mwembe. Binti wa kaka yangu, mwenye miaka minne, alikuwa amepanga keki zake za mchanga juu ya ubao na kuzipamba moja moja kwa maua ya mwarobaini. Mtoto wa jirani, wa miaka saba hivi, akapita mbio anafukuza mpira wa makaratasi, akazikanyaga zote. Hata hakugeuka kutazama.

Binti yetu alisimama. Vidole vikajikunja, kidevu kikaanza kutetemeka, nikasema moyoni sasa atalia. Badala yake alitugeukia sisi barazani, akatupitia mmoja mmoja kwa macho, kisha akatabasamu.

"Mashaallah, mtoto mpole huyu," akasema jirani. Wengine wakaitikia. Wifi yangu, mama yake, akafurahi kama ambavyo mzazi yeyote angefurahi.

Baadaye nilikwenda uani kuchota maji. Nyuma ya jiko nikamkuta amechuchumaa mbele ya mtoto mdogo wa mpangaji, aliyeanza kutembea juzijuzi tu. Amemshika paja, anamfinya. Hakuwa na pupa. Alimfinya taratibu, kwa kucha mbili, huku anamtazama usoni. Yule mdogo alipofungua kinywa kulia, alimziba kwa kiganja, akamwambia kwa sauti ya chini:

"Nyamaza. Watu watakusikia."

Nilimbeba mdogo, nikamshika mkubwa mkono, tukarudi barazani. Paja lilipona siku ile ile. Maneno yale ndiyo yamenikaa kichwani wiki zote hizi.

## Maneno ya kuazima

Mtoto wa miaka minne hatungi maneno kama yale. Ameyasikia, tena zaidi ya mara moja, na ameyasikia yakisemwa kwa sauti ile ile ya chini.

Ingekuwa rahisi kutafuta wa kumlaumu. Katika nyumba nyingi lawama ingekuwa imeshamwangukia dada wa kazi kabla jua halijazama. Sikutaka kwenda huko. Nilichofanya ni kutega sikio, nyumbani kwetu na kwa majirani, dukani, kwenye daladala. "Nyamaza, nisisikie hata pumzi." "Ukilia nakuongeza." "Unamkunjia nani uso?" "Unaninunia mimi?" "Hebu futa machozi, wageni wanaingia." Yanasemwa na watu wema, na kina mama wanaowapenda watoto wao kuliko roho zao. Yanasemwa kwa sababu na wao waliambiwa hivyo hivyo, na wakakua, na wako hapa.

Mwaka 1961, katika Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, Albert Bandura na wenzake waliwachukua watoto 72 wa chekechea, wa miaka mitatu hadi karibu sita. Baadhi yao walimwona mtu mzima akimpiga mdoli mkubwa wa kujazwa upepo: anamkalia, anampiga puani, anamgonga kwa nyundo, huku akisema maneno fulani. Kisha watoto wakaudhiwa kidogo kwa makusudi. Walipewa vichezeo vizuri, na walipoanza tu kuvifurahia wakaambiwa hivi si vyenu. Ndipo wakapelekwa chumba chenye mdoli. Waliokuwa wamemwona mtu mzima akipiga, walipiga vilevile, na wengine wakarudia hata maneno yake.

Jaribio lile hutajwa sana watu wanapobishana kuhusu watoto na televisheni. Mimi limenigusa katika ile sehemu ya katikati, ya kuudhiwa. Mtoto akishakasirika hana muda wa kubuni. Anachukua alichokwisha kukiona.

Na wetu hajaona kupiga peke yake. Ameona na kunyamazishwa, akavichukua vyote viwili.

## Nani ana ruhusa ya kukasirika

Katika nyumba zetu hasira huja na umri. Baba akirudi amekunja uso, watoto wananyata, televisheni inapunguzwa sauti, na kila mtu anaelewa. Mama akikasirika, sufuria zinasema kwa niaba yake, na kila mtu anaelewa. Mtoto akikasirika, hali ile ile inapewa jina jingine. Anaitwa jeuri. Ana kiburi. Anadeka. Hajafunzwa adabu.

Kwa hiyo mtoto anajifunza somo ambalo hakuna aliyekusudia kumfunza. Anajifunza kwamba hasira haihitaji kutulizwa, inahitaji kungojewa. Subiri uwe mkubwa kuliko mtu fulani. Na mwenye miaka minne, katika ua mzima, ni mkubwa kuliko nani? Ni mkubwa kuliko aliyeanza kutembea juzi. Na paka. Na kifaranga.

Hasira inashuka ngazi.

Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24 kuhusu utoto wao. Karibu robo tatu, wa kike kwa wa kiume, walisema walifanyiwa ukatili wa mwili kabla ya kutimiza miaka 18, na sehemu kubwa ya waliowafanyia hivyo walikuwa ndugu na walimu. Sitaki makala hii iwe ya fimbo. Tumeshabishana sana juu ya fimbo na tutaendelea kubishana. Ninachokitazama ni kile kinachokuja baada ya fimbo, na mara nyingi hata pasipo fimbo: amri kwamba uso usionyeshe kitu.

Amri hiyo binti yetu ameitii vizuri sana. Ndiyo maana alisifiwa.

## Mateke, kisha kwikwi

Nilianza kusoma. Nilitaka kujua hasira ya mtoto mdogo ikiachwa ifuate njia yake inakwenda wapi.

Florence Goodenough, mwanasaikolojia wa Minnesota, Marekani, alichapisha mwaka 1931 kazi ambayo naipenda kwa sababu haikufanyika maabara. Aliwaomba wazazi waandike nyumbani kila mara mtoto anapopandwa na hasira: saa ngapi, kwa sababu gani, kwa muda gani, nani alifanya nini. Watoto walikuwa 45, na matukio yaliyoandikwa yakafika 1,878. Kilele kilikuwa kwenye mwaka wa pili wa maisha. Njaa na uchovu vilikuwa na mkono mkubwa. Na hasira nyingi hazikufika hata dakika tano.

Dakika tano! Ukiwa katikati yake, sokoni, mtoto anajigaragaza na watu wamekuzunguka, unaapa ni saa nzima.

Mwaka 2003 Michael Potegal na wenzake wakaichambua hasira ya mtoto kipande kwa kipande. Walikuta humo ndani mna vitu viwili. Kuna ghadhabu yenyewe, yaani mateke, ukelele, mwili kukakamaa. Hiyo hupanda upesi mwanzoni kisha hushuka. Na kuna huzuni, yaani kilio na kutafuta mtu wa kumshika, ambayo hubaki mpaka mwisho, ghadhabu ikiwa imeshakwisha.

Aliyelea mtoto anaijua hali hii bila kusoma. Kwanza mateke, baadaye kwikwi. Lakini ona sisi tunafanya nini. Wakati wa mateke ndipo tunapohutubia: nimekwambia mara ngapi, wewe mtoto wa namna gani, mwenzako mbona hafanyi hivyo. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayomsaidia mtu kujizuia na kupima maneno, huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu, na kwa mtoto wa miaka mitatu aliyepandwa na ghadhabu ni kama haipo nyumbani. Mtoto hatusikii sisi. Kisha kwikwi zinapoanza, anapogeuka kutafuta mikono ya mtu, ndipo tunapoondoka. "Mwacheni, atanyamaza mwenyewe."

Pale asiposikia ndipo tunapohubiri. Pale anapotuhitaji ndipo tunapomsusa.

## Kamerun ikanivuruga

Kufikia hapo nilikuwa na makala nyingine kichwani, imekamilika. Ingesema tuwaache watoto walie na kupiga kelele kwa nafasi, kama wanavyolelewa watoto wengi wa Ulaya, na kwamba utulivu tunaowafundisha ni kifuniko tu.

Kisha nikakutana na watoto wa Kinso.

Wanso ni wakulima wa kaskazini-magharibi mwa Kamerun. Mwaka 2017 Bettina Lamm na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapima watoto wa miaka minne wa huko pamoja na wenzao wa mjini Ujerumani. Mtoto anawekewa kitu kitamu mezani na kuambiwa: ukila sasa ni hicho kimoja, ukinisubiri nirudi nitakuongeza cha pili. Kwa watoto wa Kinso kitamu chenyewe kilikuwa puff-puff, kidonge cha unga kilichokaangwa, ambacho mtu wa Pwani angekiona angekiita kalimati. Mtafiti anatoka, mtoto anabaki peke yake dakika kumi.

Watoto wa Ujerumani walioweza kusubiri hawakufika thuluthi moja. Wa Kinso walikuwa kama asilimia 70. Na namna yao ya kusubiri ilikuwa tofauti. Wajerumani walijizungusha kitini, wakaimba, wakajisemea. Wanso wengi walikaa kimya tu, na wako waliopitiwa na usingizi.

Sasa mama wa Kinso hamwachi mtoto wake akaonyesha kila hisia. Anatarajia utulivu tangu mtoto akiwa mchanga, na anaamua yeye mtoto anahitaji nini kabla mtoto hajadai. Kwa maelezo niliyokuwa nimeyakusanya mimi, watoto wake wangepaswa kuwa wanafinyana nyuma ya jiko.

Najua kusubiri kalimati si sawasawa na kumeza hasira. Lakini vyote vinamdai mtoto ajizuie, na hawa walijizuia bila kuonekana wameumia. Ilinibidi niiweke pembeni ile makala yangu iliyokamilika. Swali likageuka. Kuna tofauti gani kati ya mtoto wa Kinso anayesinzia kitini na binti yetu anayetabasamu kisha akamfinya mdogo wake? Ukiwatazama kwa nje, wote wawili wametulia.

## Mama anasuka ukili

Nilimuuliza mama. Alikuwa anasuka ukili wa mkeka, na mama akisuka ukili hajibu upesi.

"Sisi hatukukatazwa kukasirika," akasema mwishowe. "Tulikatazwa kumkasirikia mkubwa mbele za watu. Ukishaondoka pale si unakwenda kwa bibi yako."

Akaendelea kusuka. Nami nikaanza kukumbuka nilichokuwa nimekiona utoto wangu wote.

Mtoto amechapwa, au ameonewa, au amenyimwa. Anakimbilia kwa bibi na kujifunika ndani ya kanga yake. Bibi hamuulizi kosa. Anapaza sauti ua mzima usikie: "Nani kamgusa mke mwenzangu? Nani huyo? Mwambieni aje aniguse na mimi!" Mtoto bado ana kwikwi, lakini kicheko kinamtoka. Bibi anaendelea kutishia watu ambao kila mtu anajua hatawafanya kitu. Anamfuta kamasi kwa pindo la kanga. Inapita nusu saa, labda zaidi, ndipo kwa sauti ya kawaida kabisa, huku anachagua mchele, anauliza: "Na wewe lakini, mbona uliyamwaga maziwa?"

Kwanza anasimama upande wa mtoto. Kosa linakuja baadaye, kwikwi zikishakwisha. Bibi zetu hawakuhitaji kuhesabu matukio 1,878 ili kuijua ratiba hiyo.

Na walikuwepo watoto wenzako. Ua mmoja, binamu kumi, wote mnagombana na kupatana bila mtu mzima kuingilia. Ungeweza kumkasirikia mtu aliye sawa nawe, akakukasirikia naye, na jioni mkacheza kombolela pamoja. Hasira ilikuwa na pa kwenda penye kimo chake.

Kaka yangu na mkewe wamepanga vyumba viwili upande wa pili wa mji. Wote wawili wanafanya kazi. Mtoto yuko chekechea asubuhi, mchana yuko na dada, na kwa bibi anakuja Jumapili. Amri ya kunyamaza amehama nayo. Bibi hakuhama naye.

Hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta. Kanuni ya kale ilikuwa na pande mbili: heshima mbele ya wakubwa, na kimbilio nyuma yake. Upande wa kwanza tumeubeba mpaka mjini, kwenye nyumba za kupanga, kwenye basi la shule. Upande wa pili ulibaki uani, na hatukugundua kwamba umebaki.

Sitaki kuipamba ile ya zamani kupita kiasi. Nilimuuliza mama: na waliokosa bibi, je? Hakunijibu, na kwa jinsi alivyouvuta ule ukili nilijua anamfikiria mtu.

## Mahali ambapo hasira ni utoto

Kuna hadithi moja ya mbali sana na Tanga iliyonisaidia. Mwaka 1963 Jean Briggs, mwanaanthropolojia, alikwenda kuishi na kundi dogo la Wainuit kwenye baridi kali ya kaskazini mwa Kanada, akachukuliwa na familia moja kama binti yao. Aliona kwamba watu wazima hawakuwapigia watoto kelele. Hasira kwao ilikuwa jambo la kitoto. Mtu mzima anayefoka alionekana kama mtu ambaye akili haijapevuka, na kumfokea mtoto kulionekana kujishusha hadhi.

Geuza hilo ulipime na nyumba zetu, ambamo anayefoka ndiye mkubwa.

Lakini hata kule hapakuwa peponi. Wageni walipokuja kuvua na kuharibu mtumbwi wa wenyeji, Briggs aliwafokea kwa niaba ya wenyeji wenyewe. Wenyeji hawakumshukuru. Walimtenga kwa muda wa miezi, kwa upole, bila neno baya. Nikisoma hapo najiuliza kama kutengwa kimya kimya kunauma kidogo kuliko kufokewa. Sidhani. Kwa hiyo silengi nyumba isiyo na hasira. Hata ningeweza kuipata, nisingemtakia mtoto huyu.

## Chini ya kawa

Jumapili moja binti yetu alisusa chakula. Alitaka kidari, kidari akapewa mgeni. Akasukuma sahani, akaenda kujibandika ukutani, mgongo kwetu.

Kususa ndiyo hasira ambayo mtoto wa Kiswahili ameruhusiwa kwa nusu, na nyumba nyingi zina majibu mawili tu. Kuna kumbembeleza: watu watatu wanasimama, kidari kinanyofolewa kwa mgeni aliyeshaona aibu. Na kuna kumzomea: "Susa tuone! Ukila wewe, usipokula wewe!"

Mama hakufanya hata moja. Alichukua kawa, akaifunika ile sahani, akasema, "Chakula chako kipo hapa," na akaendelea kula. Wifi alitaka kuinuka. Mama akamgusa goti, akakaa.

Tuliendelea na mazungumzo. Mgongo ule mdogo ulibaki ukutani. Kwa muda kulikuwa na pumzi za haraka, kisha kwikwi, kisha kimya. Halafu akaanza kuja, si moja kwa moja, akipitia kwa paka, akipitia mlangoni, mpaka akakaa ukingoni mwa mkeka. Mtu mmoja akasogea kidogo kumpa nafasi. Mama akainua kawa.

Hakuna aliyesema, "Si ulisusa?"

Nimefikiri sana juu ya kimya hicho cha watu wazima. Tunawadai watoto wetu waache hasira, kisha wakiziacha tunawasuta. "Si ulinuna? Umekuja kufanya nini?" Tunacheka, hatuna nia mbaya, lakini mtoto anajifunza kwamba kurudi kuna aibu kuliko kubaki ukutani. Nawajua watu wazima, ndugu wa tumbo moja, ambao mpaka leo hawasemezani kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaonyesha namna ya kurudi ukingoni mwa mkeka.

## Wakubwa wakae kwanza

Wifi aliniuliza tuanzie wapi. Alikuwa ameona kwenye simu ushauri wa kumpa mtoto mto auchape mpaka hasira ziishe. Unavutia, lakini Brad Bushman alilipima jambo hilo kwa wanafunzi wa chuo kikuu huko Marekani na kuchapisha matokeo mwaka 2002. Walioudhiwa, kisha wakapiga gunia la ngumi huku wakimfikiria aliyewaudhi, walitoka na hasira zaidi kuliko walioketi tu kimya bila kufanya lolote. Mto tukauacha kitandani.

Tulianza na mafundisho ambayo kila mtoto wa madrasa huku kwetu ameyasikia: ukikasirika umesimama, kaa, hasira isipokutoka, jilaze. Tunawahimiza watoto. Safari hii aliyekaa ni mama mtu. Anaporudi kazini amechoka na kukuta maji yamemwagwa sebuleni, wifi anakaa chini, sakafuni, na kusema kwa sauti ya kawaida: "Nimekasirika. Nangoja hasira ipungue, halafu tutafuta." Kisha kweli anangoja. Kisha kweli wanafuta.

Sijui kama msomaji anaona ukubwa wa jambo hilo. Mtoto alikuwa ameshaona hasira ikipanda mara nyingi. Hakuwahi kuonyeshwa ikishuka.

Kuhusu kufinya, hapakuwa na majadiliano. Aliambiwa: kukasirika sawa, kumuumiza mtu hapana. Siku ile ile ya kufinya alipelekwa kwa yule mdogo na kitambaa cha maji baridi, akamkandia paja mwenyewe, na mimi nilikaa naye pale pale mpaka akamaliza. Sikutaka akapeleke msamaha wa kukariri. Nilitaka aone paja.

Baada ya hapo tukampa maneno. Nimekasirika. Nimeonewa. Sitaki. Naomba nikae peke yangu. Tuliyasema wakati ametulia, wakati wa kuoga, wakati wa kusukwa nywele, kwa kuwazungumzia paka na kuku: huyu kuku amekasirika kwa nini? Watoto wa umri ule wanapenda sana kuambiwa siri za kuku.

Haikwenda kwa mstari ulionyooka. Siku nyingine anatumia maneno, siku nyingine anatumia meno. Na mara ya kwanza alipoyasema kwa ukamilifu, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, alimwambia baba yake, mbele ya wageni: "Baba, nimekukasirikia!"

## Hoja ya kaka

Kaka hakumpiga. Aliwaaga wageni, kisha akanipigia simu.

"Dada, mnamfundisha nini mtoto? Leo kaniambia mimi. Kesho atamwambia mwalimu. Mwalimu hatakaa sakafuni. Atamchapa."

Sikuwa na jibu la haraka, kwa sababu ana haki. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinaruhusu shule za Tanzania kutoa hadi viboko vinne, kwa mkono wa mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini, na sote tunajua mambo yanavyokwenda darasani pasipo mkuu wa shule kuwepo. Tayari pale anaposoma ameshaambiwa kwamba mtoto mzuri halii. Kumpa mtoto maneno halafu kumpeleka mahali ambapo maneno hayo yatamgharimu mgongo ni jambo la kufikiriwa mara mbili.

Nilichomwambia kaka ni kwamba mtoto wa Kiswahili anajua kubadili sauti. Anamwambia bibi yake "mke mwenzangu" na hamwambii hivyo mke wa imamu. Anajua shikamoo ni ya nani na mambo vipi ni ya nani. Akifundishwa, atajua pia hasira isemwe wapi na kwa namna gani: kwamba kwa baba anaweza kuja faraghani, kwamba darasani anaweza kungoja mpaka nyumbani. Kungoja anakuweza mtoto, na Wanso wametuonyesha. Lakini kungoja kunataka kuwe na mtu mwishoni mwake. Asipokuwepo, mtoto hangoji. Anaenda nyuma ya jiko.

Kaka alinyamaza sana kwenye simu. Kisha akasema jambo ambalo hajawahi kulisema. Alisema siku ya mazishi ya baba, yeye akiwa na miaka tisa, watu walimshika bega mmoja baada ya mwingine wakimwambia usilie, wewe sasa ndiye mwanamume wa nyumba hii. "Nilikuwa nimemkasirikia baba," akasema. "Kwa kufa. Sasa ningemwambia nani?"

Mimi nilikuwepo mazishini. Nilikuwa ndani na wanawake, tunalia kwa sauti, hakuna aliyetukataza.

Hilo la wavulana linataka makala yake. Yule aliyekanyaga keki anayo pia hadithi, na juzi nimemwona akiambiwa mwanamume halii, magoti yote mawili yanavuja damu.

Kwa sasa kaka amekubali jambo moja: jioni, kabla mtoto hajalala, anakaa naye na kumuuliza leo nani amekuudhi, na akitajwa yeye mwenyewe anasikiliza mpaka mwisho. Mkutano wa wazazi pale chekechea ni mwisho wa mwezi huu. Wifi ataomba nafasi, kwa adabu, amuulize mwalimu mtoto akikasirika darasani anaruhusiwa kwenda kukaa wapi. Tumekubaliana heri tukose jibu kuliko tukose kuuliza. Kaka amesema ataomba ruhusa kazini aje naye.